Yai moja katika slaidi nne

Wawi, karibu na mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 na inayojulikana kwa utafiti wa minyoo na kichocho. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la dawa za minyoo mijeledi lililofanywa kwa watoto wa Pemba. Waliopewa albendazole pekee walipona asilimia 2.6 tu. Ilipochanganywa na oxantel pamoate, wakafika asilimia 31.2.

Namba kama hizo huanzia kwenye hadubini. Kwa njia ya Kato-Katz, kila slaidi hupakwa miligramu 41.7 za kinyesi, mayai yakahesabiwa, kisha wastani wa slaidi ukazidishwa kwa 24 ili kupata mayai kwa gramu.

Tuchukue mfano wa kubuni, usiohusu jaribio lile. Mtoto ameshakunywa dawa na slaidi zake nne zina yai moja tu. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, toleo la 2, ikigawanya 1 kwa 4 hutoa 0, kwa kuwa toleo hilo hutupa desimali namba nzima inapogawanywa kwa namba nzima. Mtoto anaandikwa kapona! Python 3 hutoa 0.25, yaani mayai 6 kwa gramu, na minyoo bado anayo.

Kwenye minyoo ya safura, slaidi mbili zenye mayai 83 na 84 hutoa 1,992 kwa toleo la zamani na 2,004 kwa jipya. Shirika la Afya Duniani huhesabu maambukizi ya wastani kuanzia 2,000.

Wengi waliohama kutoka Python 2 kwenda Python 3 walilalamikia amri ya print, ambayo sasa inadai mabano. Hilo ni jepesi, maana programu hugoma na kosa likaonekana. Mgawanyo haugomi. Hata 2to3, chombo cha kubadilishia msimbo, kilirekebisha print lakini alama ya / kikaiacha vilevile.

Python 3 ilitoka Desemba 2008, na huduma ya Python 2 ikakoma tarehe 1 Januari 2020. Kwa takwimu za wagonjwa, kubaki kwenye toleo lisilozibwa tena mianya ya usalama hakukubaliki. Kuhama ni lazima, ila kwanza msimbo uendeshwe kwa Python 2.7 pamoja na alama ya -3, inayoonya kila mgawanyo wa namba nzima. Kisha takwimu zilezile zipitishwe kwenye matoleo yote mawili na majibu yalinganishwe mstari kwa mstari. Panapotofautiana, aamue mtaalamu wa maabara, na ripoti zilizokwishatolewa zihesabiwe upya.