Koo la Grand Kallé
Kwa mtoto wa Kalemie, Kilingala kilikuwa lugha ya askari na ya wanamuziki. Nyumbani, sokoni na bandarini tulisema Kiswahili. Ndiyo maana nilimpenda mwimbaji Joseph Kabasele, Grand Kallé wa bendi ya African Jazz, kabla sijajua anasema nini. Baba mdogo, mtu wa reli, alikuwa na gramafoni, na sindano ikishuka hakuna aliyeruhusiwa kuongea. Kutojua lugha kulinifaa: sikuwa na maneno ya kushikilia, nikashikilia namna anavyoyaimba.

Chukua "Indépendance Cha Cha". African Jazz waliupiga wimbo huo Brussels mwanzoni mwa 1960, wakati wanasiasa wa Kongo wakijadiliana na Wabelgiji katika Mkutano wa Meza ya Duara, uliofunguliwa tarehe 20 Januari. Gitaa la Nico Kasanda linatangulia, maraka yakishika mwendo. Kallé hana haraka. Anaingia pamoja na Vicky Longomba, aliyetoka OK Jazz, na sauti mbili zinakaa pamoja bila kusukumana. Ya Kallé ni ya juu na nyepesi. Sikiliza anavyoanza: hajikohozi, hapapasi kutafuta noti, silabi ya kwanza inatua mahali pake. Irabu anaziacha wazi. Mwisho wa mstari hangoji pumzi imwishie, anaachia mapema kidogo, na ile nafasi inayobaki ni ya gitaa. Wengi wenye sauti nzuri hawawezi hilo la kuachia.

Kisha inakuja sehemu ngumu, nami huirudia zaidi kuliko zote. Wimbo lazima ubebe majina ya vyama, kama Abako na Conakat, na majina ya watu: Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Kamitatu, na Tshombe wa Katanga yetu. Mwimbaji mwingine angeyatoa kama mwalimu anayeita mahudhurio. Tshombe ni silabi mbili, Kasavubu nne, na mwendo wa cha-cha-cha haumsubiri mtu. Kallé anayapitisha yote bila jasho. Jina refu halikimbizwi, fupi halichechemei. Hakuna anayepandishiwa sauti, hakuna anayenong'onwa. Mwaka haukutimia, Katanga ya Tshombe ilikuwa imejitenga na Lumumba ameuawa humo humo Katanga, tarehe 17 Januari 1961. Kwenye santuri bado wamekaa mstari mmoja, na kila mmoja amepewa utamu uleule. Kwetu watu wa Katanga hilo si jambo dogo, na wazee wengine walilisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa.

Majina yakiisha, Kallé ananyamaza na kumwachia Nico uwanja.

Ustadi huo haukuja kwa siku moja. Kabasele, aliyezaliwa Matadi mwaka 1930, alianzia katika kwaya ya kanisa, na kwaya humfunza mtu kusikiliza wa pembeni yake kwanza. African Jazz aliianzisha 1953. Mwaka 1959 alimpokea kijana Tabu Ley, aliyeitwa Rochereau, na 1963 Rochereau na Nico wakaondoka kuunda African Fiesta. Kallé alifariki Kinshasa tarehe 11 Februari 1983. Pepe Kallé, yule pande la mtu wa Empire Bakuba mwenye sauti ya kujaza uwanja, alichukua jina lake kwa heshima ya mzee huyu aliyeimba taratibu. Lakini mwanafunzi ambaye ndani yake ninamsikia Kallé zaidi ni Rochereau: naye huachia mstari kabla pumzi haijaisha, gitaa lipate pa kuingilia.