Lehemu, Mchomeleo na Bampa la Gari: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wetu huyatumia bila kuyapima ni lehemu. Katika miongozo ya ufundi, na hata katika taarifa za kupokea magari yaliyotengenezwa, neno hili hubebeshwa mizigo miwili: kuunga kwa risasi na bati, na kuunga chuma kwa chuma kwa moto wa umeme au wa gesi. Mchanganyo huo si dosari ya lugha tu. Unaweza kumdhuru mtu aliyemo garini.

Katika gereji moja mjini Moshi nilionyeshwa bampa la chuma lililoundwa papo hapo mjini badala ya lile la kiwandani. Taarifa ya mkaguzi ilisema: “Lehemu ni safi.” Rangi iling’aa, na mshono ulikuwa umesawazishwa kwa jiwe la kusagia. Fundi mzee aliugonga kwa nyundo, ukaachana.

“Mzee,” nikauliza, “mbona taarifa inasema ni safi?”

“Mwanangu, hii imelala juu tu. Haikuingia.”

Gari hilo lilikusudiwa kupanda Marangu, kutoka mjini, chini ya mita 900, hadi lango la hifadhi lililo juu ya mita 1,800. Ndoana ya kulivutia likikwama topeni wakati wa masika ilishikiliwa na mshono huohuo.

Tuanze na maana. Katika kulehemu, vyuma viungwavyo haviyeyuki. Huyeyuka risasi na bati peke yake, tena kwa joto lisilofika nyuzi 200 za Selsiasi. Katika kuchomelea, kingo za vyuma vyenyewe huyeyuka, kwa joto la nyuzi 1,500 hivi, zikachanganyika zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo “imelala juu” ni kusema kwamba kazi iliyoagizwa haikufanyika. Anayeviita vyote viwili lehemu hana neno la kuitaja tofauti hiyo.

Neno safi nalo lina upungufu wake. Kiwango cha kimataifa ISO 6520 hugawa kasoro za kazi hii katika makundi sita: nyufa, vitundu, uchafu ulionaswa ndani, kutoungana na kutopenya, kasoro za umbo na vipimo, na nyinginezo. Macho yanaweza kuona umbo baya na baadhi ya nyufa. Vitundu vya ndani hayavioni. Pande za Kibosho na Machame, penye mvua nyingi, fimbo za kuchomelea zisipohifadhiwa pakavu hunyonya unyevu, na unyevu huo huzaa vitundu na nyufa. Jiwe la kusagia huongeza tatizo: huondoa alama ambazo mkaguzi angezisoma, na likizidi hupunguza unene wa mshono. Hivyo mshono ulio safi kuliko yote huenda ndio usiojulikana kuliko yote.

Wako watakaosema kwamba mafundi wamekwisha kuridhika na weldingi, nasi tusijisumbue. Hoja hiyo haitoshi. Mafundi wanalo jina la mkopo, lakini hukumu zao huzitoa kwa vitenzi vya Kiswahili: imeingia, imeshika, imelala. Humo ndimo istilahi zetu hazina budi kuchimbwa. Kuingia kuna maana nyingi mno kwa matumizi ya taarifa. Kupenya kunabeba maana ileile kwa mipaka iliyo wazi.

Napendekeza basi lehemu ibaki kwa risasi na bati. Kazi ya chuma iitwe uchomeleaji, mshono wake mchomeleo, na kina cha kuingia kwake mpenyo. Fomu ya ukaguzi iache kuuliza kama kazi ni safi. Iulize habari za nyufa, vitundu, umbo na mpenyo, kila jambo peke yake. Mbele ya mpenyo pawepo nafasi ya neno moja zaidi: haukupimwa. Mkaguzi aliyetazama kwa macho tu hana haki ya kuandika lingine, na dereva wa Marangu ana haki ya kulisoma kabla hajafunga kamba.

Walimu wa ufundi, wafasiri na watumishi wa umma wanaombwa kuyapima mapendekezo haya gerejini kabla ya kuyapima mezani.