Butangi na Rufiji: Mandhari Sahili na Mandhari Yenye Maelezo Mengi katika Tamthilia

Swali la mandhari huonekana jepesi. Mtahiniwa akiulizwa mandhari ya Kifo Kisimani, huandika "Butangi" kisha akaendelea na swali linalofuata. Akiulizwa ya Kinjeketile, huandika "Rufiji, wakati wa Wajerumani". Majibu yote mawili ni sahihi, lakini hayatoshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mandhari sahili na mandhari yenye maelezo mengi hufanya kazi tofauti, na kila moja humdai msomaji jambo lake.

Tuanze na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969. Mwandishi ameegemea historia, yaani Vita vya Maji Maji vilivyopiganwa dhidi ya Wajerumani kati ya 1905 na 1907. Kuna njaa, kuna shamba la pamba ambamo watu hufanyishwa kazi kwa nguvu, na kuna Wamatumbi na Warufiji wasioaminiana. Je, maelezo haya ni pambo? La hasha! Kumbuka pale Kinjeketile, akiwa amepandwa na Hongo, anapotamka kwamba watu watakuwa wana wa Seyyid Said. Akili inapomrudia, anashtuka na kuanza kuutilia shaka ujumbe wenyewe. Msomaji asiyejua kwamba Seyyid Said alikuwa Sultani wa Omani na Zanzibar hawezi kuuelewa mshtuko huo. Kumwondoa Mjerumani ili kurejea kwa Sultani ni kubadilisha bwana tu. Mgogoro wa ndani wa mhusika mkuu umefungwa katika jina moja la kihistoria. Mandhari ya aina hii humdai msomaji maarifa. Hata hivyo, Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu. Kwa hivyo, mtahiniwa asisimulie vita akadhani amejibu swali la fasihi.

Sasa tugeukie Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, iliyochapishwa 2001. Hutaipata Butangi kwenye ramani. Tunachopewa ni vitu vichache: utawala wa Mtemi Bokono, gereza na kisima. Lakini kisima hicho kimebeba mengi. Anayekidhibiti kisima anaudhibiti uhai wa watu. Mwelusi anapigania haki ya Wanabutangi, na ni hapo kisimani anapouawa na nduguye Gege. Lau mauaji yangetokea njiani au nyumbani, tungebaki na kisa cha ndugu wawili. Yanapotokea penye maji ya umma, usaliti wa Gege unakuwa usaliti dhidi ya jamii nzima. Mandhari ni sahili, ila si maskini. Humdai msomaji fikra: ajaze mwenyewe pale mwandishi alipomwachia nafasi.

Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Nilipokuwa mwanafunzi, tuliambiwa kwamba Butangi ni Kenya, nasi tukaandika hivyo daftarini. Kishawishi kilikuwepo, kwani kitabu kilitoka mwaka mmoja kabla ya utawala wa miaka 24 wa Rais Moi kufikia tamati mwaka 2002. Nilipokuja kufundisha Kigogo ya Pauline Kea, nikairithisha kasoro hiyo hiyo: nikasema Sagamoyo ni Kenya. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona haina kaunti wala gavana?" Darasa likacheka, nami nikalikwepa swali. Katika mtihani wa majaribio, insha baada ya insha zilianza kwa sentensi yangu, kisha zikamjadili Majoka kana kwamba ni mwanasiasa wa magazetini. Soko la Chapakazi, ambalo kufungwa kwake ndiko kunakoanika uovu wa utawala ule, lilitajwa na wachache mno. Nilikuwa nimewapa jibu nikawanyang'anya tamthilia.

Simaanishi kwamba Sagamoyo na Butangi hazituhusu. Zinatuhusu sana, ila kwa sababu zinaweza kuwahusu wengine pia. Ukizipa anwani moja, unazifungia. Kinyume chake, ukiing'oa Kinjeketile kutoka Rufiji na kudai ni hadithi ya mahali popote, unalipoteza jina la Seyyid Said na uzito wake.

Mwalimu mwenzangu, nakupendekezea kipimo kimoja cha darasani. Chukua kipengele cha mandhari, kiondoe, kisha waulize wanafunzi: ni tukio gani sasa haliwezi kutokea, au litabadilika maana? Ondoa kisima. Ondoa shamba la pamba. Ondoa soko. Kipengele ambacho kikiondolewa hakuna kinachotikisika, hicho ni pambo, na mtahiniwa hana haja ya kukikariri. Kile kinachotikisa ploti, wahusika au maudhui ndicho cha kujadiliwa, na kila hoja ifungamanishwe na tukio mahususi.

Kwa njia hii, mtahiniwa hatauliza tena ni mandhari ipi iliyo bora. Atauliza kila moja inafanya kazi gani.

Zoezi: "Mandhari sahili haimaanishi mandhari duni." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea tamthilia yoyote uliyoisoma. (Alama 20)