Sifa ya Fundi wa Beringi

Katika kazi zote za gereji, niipendayo kuitazama kuliko zote ni ya fundi anayeifungua injini isiyo na malalamiko. Injini iliyokwisha kunoki haihitaji hekima, kwani kila mpita njia huisikia ikigonga na kila mtu hujifanya tabibu wake; lakini mwenye BMW M3 iliyoundwa kati ya mwaka 2007 na 2013, ambayo injini yake ya silinda 8 hutoa nguvu za farasi 420 katika mizunguko 8,300 kwa dakika, aghalabu huipeleka kwa fundi ikingali inanguruma kwa afya, apate kubadilishiwa beringi za konrodi kabla hazijaisha.

Kwa kasi hiyo kranki, yaani mhimili wa injini, huzunguka zaidi ya mara 130 katika sekunde moja. Baina yake na kila konrodi, ule mkono uunganishao pistoni na kranki, pana vipande viwili vya beringi vilivyopindwa nusu duara, na juu ya beringi pana utando wa oili usiofikia unene wa unywele. Maadamu utando huo upo, chuma hakigusi chuma. Beringi imefanywa laini kwa makusudi, ili siku utando utakapokatika iliwe yenyewe na kranki isalimike. Uso wa beringi za awali ulikuwa wa risasi na shaba, na baadaye Wajerumani wakahamia bati na alumini. Kuhusu sababu ya kulika mapema wajuzi wanahitilafiana: wako wanaolaumu nafasi finyu mno kati ya beringi na kranki, na wako wanaolaumu uzito wa oili ya 10W-60. Kwangu mimi hao wanasema jambo moja kwa ndimi mbili, kwani oili nzito huona taabu ya kupita penye njia nyembamba.

Ama kazi yenyewe, injini huning'inizwa kutoka juu, sampu ya oili ikatolewa, na fundi akaizungusha kranki kwa mkono ili konrodi zishuke mbili mbili. Kifuniko cha konrodi hizi hakikukatwa kwa msumeno. Kilivunjwa kiwandani kutoka konrodi iliyokuwa kipande kimoja, hata chembe za mvunjiko wake zikawa zinashikana na za mwenziwe tu, na kikigeuzwa au kikipelekwa kwa konrodi nyingine hakikubali kabisa. Kwa hiyo fundi mwenye adabu hupanga kila kimoja kwa namba ya silinda yake, kisha huisoma beringi ya zamani: penye kijivu pana uzima, penye wekundu wa shaba safu ya juu imekwisha kuliwa, na mikwaruzo hushuhudia uchafu uliopita na oili. Ile mpya huifuta mgongo mpaka ukauke, ikae sawasawa, akaipaka oili usoni tu. Bolti nazo hutiwa mpya, maana hukazwa mpaka zivutike, na iliyokwisha kuvutika haiaminiki tena. Wanaoona uchungu bei yake siwaelewi, kwa gari la namna hiyo.

Mwishowe huizungusha injini bila kuiwasha mpaka presha ya oili ipande, ndipo huiwasha. Na mwenye gari, akisikia kwamba amelipa fedha nyingi na sauti ni ile ile, hukabidhiwa beringi zake kuukuu, kila moja imeandikwa namba mgongoni, azitazame mwenyewe.