Hasi zote tatu, au kinyama kilichelewa?

Ukisoma makala za saratani ya matiti Afrika, utakutana na sentensi hii: wanawake wetu wengi wana uvimbe wa "hasi zote tatu", yaani usio na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni wala HER2 nyingi. Sentensi inayofuata husema uvimbe huo ni mkubwa na umesambaa. Wewe unaondoka ukiamini yote ni baiolojia. Hiyo ya pili ndiyo inanipa shida.

Uhusiano upo kweli. Uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni mara nyingi hukua taratibu, na seli zake bado zinafanana kiasi na za titi la kawaida. Ule wa hasi zote tatu mara nyingi ni daraja la 3, na seli zake hugawanyika kwa kasi. Lakini daraja si hatua. Daraja linakuambia seli zikoje. Hatua inakuambia ugonjwa umefika wapi, na hapo muda una mkono wake.

Hebu tuchukue Kibiti. Mama wa kisiwani, delta ya Rufiji, anasubiri maji yajae ndipo boti itoke. Anashuka Nyamisati, anatafuta gari, na Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kibiti mjini. Safari ikiahirishwa mara mbili tatu, uvimbe unakua. Sasa tuseme kinyama cha kupima kimechukuliwa hukohuko wilayani. Miongozo inataka kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikichelewa kuingia, protini zinaanza kuharibika, na chanya inaweza kusomeka hasi. Umeona? Umbali uleule umekuza uvimbe na umefuta vipokezi. Ukiviweka kwenye jedwali moja, vitaonekana ndugu wa damu.

Wala sibahatishi. Mwaka 2014, kwenye jarida la PLoS Medicine, Amanda Eng na wenzake walijumlisha tafiti za Afrika. Kusini mwa Sahara, nyingi zilitoa kiwango cha vipokezi vya estrojeni kati ya asilimia 20 na 70. Baiolojia gani hiyo inayoyumba namna hii? Tafiti zilizotumia vinyama vya stoo zilikuwa chini kwa kama asilimia 10. Kwenye vinyama vilivyokusanywa kwa mpango tangu mwanzo, asilimia 59 vilikuwa na vipokezi hivyo, na hasi zote tatu ni 21 tu. Kazi nzuri sana, ila "stoo" na "mpango" ni makapu mapana mno: kinyama kilichokatwa jirani na maabara na kilichopanda boti vinaingia kapu moja.

Kwa hiyo ukishika makala ya namna hii, nenda sehemu ya mbinu kwanza. Je, wameandika saa? Je, vijifereji vya titi zima kwenye slaidi hiyohiyo vilishika rangi? Kwa kawaida baadhi ya seli zake hushika. Kama havikushika, kipimo ndicho kimefeli, na hiyo "hasi" inatakiwa irudiwe. Maana mwenye vipokezi anaweza kupewa tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi, anachoweza kumeza nyumbani hata kisiwani. Aliyeandikiwa hasi haandikiwi.