Juu ya Neno "Stadi"

Neno stadi latumika siku hizi kwa wingi kuliko lilivyopata kutumika, lakini katika kuenea huko limeacha kazi yake ya kwanza, yaani kumtaja mtu. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan, stadi ni mtu aliyeijua kazi yake barabara. Leo ukimwuliza mwanafunzi wa Arusha maana ya stadi, atakutajia mambo, si watu: stadi za maisha, stadi za lugha, stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu. Mastadi wenyewe hawamo.

Asili yake yajulikana. Ni neno la Kiajemi, ustad, lililopitia Kiarabu, nalo limetupa watoto wawili: ustadhi, mwalimu wa dini, na stadi, fundi hodari. U ya mwanzo ilikuwa sehemu ya shina. Bali kwa maoni yangu wasemaji wetu waliisikia kama kiambishi, mfano wa u ya ufundi na uhodari, wakapata stadi kuwa mtu na ustadi kuwa sifa yake.

Watetezi wa matumizi mapya wana hoja ya sarufi, nayo si dhaifu. Ukuta wingi wake kuta, usemi wingi wake semi. Basi ustadi, wingi wake stadi. Hili nalikubali. Nisilolikubali ni "stadi hii", lisikikalo katika semina za walimu. Huo ni umoja uliozaliwa na wingi, sawa na mtu kusema "kuta hii".

Mgumu zaidi ni ufundi stadi, uliopata cheo cha serikali kwa sheria ya 1994 iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Fundi stadi twamfahamu. Ufundi stadi ni upi, na usio stadi ni upi? Nafahamu kwamba ilitakiwa kutenga mafunzo ya uashi, useremala, ushonaji na kadhalika na yale ya mafundi sanifu. Haja hiyo ni ya kweli, ila neno halionyeshi tofauti hiyo hata kidogo. Na msomaji asiyeambiwa angedhani ufundi stadi ndio wa juu. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi, kilitosheka na ufundi mtupu.

Sasa tusikilize mitaani. Mwenye gari bovu Unga Limited hatafuti mwenye stadi. Atafuta fundi, na akimpata mzuri humsifu kwamba ana mkono. Mkataji wa tanzanaiti, kito kilichogunduliwa Mirerani 1967, naye ni fundi. Katika miteremko ya Meru, kama Akheri na Poli, ajuaye kupogoa mibuni au kuyaongoza maji ya mfereji husemwa kwamba anajua kazi, basi. Usemi wa watu wamshika mtendaji kwanza. Haina maana kwamba humheshimu daima: wahunzi wa jamii za Kimaa, ilkunono, walidharauliwa na watu wale wale waliohitaji mikuki yao. Lakini hata katika dharau hiyo kazi haikutajwa pasipo mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona madhara ya stadi mpya. Stadi iliyotengwa na mtu huorodheshwa katika mtaala, hupimwa, hutolewa cheti. Na mwashi aliyejifunza kwa kumshikia mwenzake kamba na pima-maji kwa miaka kumi huambiwa hana stadi, maana hana karatasi. Mamlaka hiyo hiyo ina utaratibu wa kumpima mtu wa namna hii, nayo huuita kurasimisha ujuzi. Neno hilo limechaguliwa vema. Ujuzi watokana na kujua, na kujua hakuwezekani bila ajuaye. Mjuzi yu karibu nalo daima.

Sipendekezi kufuta stadi za maisha, zimekwisha kuzoeleka. Kamusi zetu zimpe stadi, mtu, mfano wa sentensi iliyo hai, na "stadi hii" itiwe alama ya kosa. Na fomu za kazi ziache kuuliza "Una stadi gani?" Ziulize "Wewe ni fundi wa nini?", swali ambalo mwashi wa Kijenge ana jibu lake.