Kadi ya Kukwangua na Simu ya Mkononi: Hesabu ya Kupiga Nyumbani

Katika miaka ya 2000, Mtanzania au Mkenya aliyeishi Chicago hakuweza kupiga simu nyumbani moja kwa moja kwa simu yake ya mkononi bila kutozwa bei kubwa ya kimataifa, na ndiyo maana wengi walinunua dukani kadi ya kukwangua, ambayo unafuu wake ulitokana na kuigawa simu moja vipande viwili, kila kimoja kikilipiwa kivyake.

Katika kipande cha kwanza, mpigaji alipiga namba ya kuingilia, yaani namba ya mji wake iliyopokelewa na mtambo wa kampuni ya kadi, akabonyeza namba ya siri iliyofichwa chini ya utando, kisha, akishatajiwa salio, akabonyeza 011 na namba ya nyumbani kuanzia 255 au 254. Kwa kuwa mfululizo huo ulizidi tarakimu 30, waliozoea waliuhifadhi katika simu pamoja na herufi p, ambayo katika simu za Nokia iliiamuru simu itue kidogo kabla ya kutuma tarakimu zinazofuata. Kampuni ya simu ya mkononi iliihesabu simu hiyo kuwa ya ndani ya nchi na kukata dakika za kifurushi tu. Na kwa kuwa vifurushi vingi vya Marekani havikutoza chochote kuanzia saa 3 usiku, ambayo wakati wa baridi ni saa 12 asubuhi Dar es Salaam, aliyesubiri saa hiyo alilipia kadi peke yake, tena akamkuta mzazi ameshaamka.

Katika kipande cha pili, mara nyingi sauti ilibanwa kutoka kilobiti 64 kwa sekunde hadi 8 na kusafirishwa kwa intaneti hadi kwa kampuni mshirika, iliyolipa ada ya kumalizia simu, yaani malipo ya mtandao wa mpokeaji. Ada hiyo kwa kawaida ilikuwa kubwa zaidi kwa simu za mkononi kuliko za mezani, hivyo dakika zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo zilipungua sana mpokeaji alipokuwa na simu ya mkononi.

Tena zilikuwepo tozo za pembeni: ada ya kuunganisha, makato ya kila wiki, na dakika kuhesabiwa kwa mafungu ya tatutatu, hata mazungumzo ya dakika 4 yakalipiwa kama 6. Mwaka 2008 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwashtaki baadhi ya wasambazaji baada ya majaribio kuonyesha kwamba kadi zao zilitoa takriban nusu ya dakika zilizotangazwa, dhuluma ya wazi kwa wahamiaji waliojibana ili wasikie sauti za wazazi wao. Kwa sababu ya tozo hizo, kadi yenye ada ya kuunganisha ilimfaa aliyezungumza mara moja hadi salio likaisha, ilhali aliyepiga mara kwa mara kwa muda mfupi alihitaji kadi isiyo na ada hiyo, hata kama dakika zake zilizotangazwa zilikuwa chache.